Treni ya Abiria Yarudi Kaskazini: Historia ya Reli ya Tanga

Mtoto aliyezaliwa Same mwaka 1995 alikuta reli mjini kwao. Alikuta stesheni, na tuta refu lililokatiza uwanda kuelekea Korogwe upande mmoja na Moshi upande wa pili. Treni ya abiria hakuikuta. Alikua, akamaliza shule, pengine akapata mke au mume, na muda wote huo safari ya garimoshi ilibaki kuwa simulizi ya wazazi wake: daraja la tatu lililofurika, machungwa ya Muheza yakiuzwa dirishani, usiku mzima wa mlio wa magurudumu. Kwa robo karne, kuanzia mwaka 1994 hadi Desemba 2019, hakuna treni iliyobeba abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi.

Habari ya treni hiyo kupotea na kurudi inafaa kusimuliwa tangu chimbuko lake, maana imebeba jibu la swali ambalo nchi kadhaa za ukanda wetu zinajiuliza leo. Huduma ya abiria ikishakufa, hurudije? Na ikisharudi, nini kitaizuia isife tena? Naamini jibu limo katika nia ya waliojenga. Reli ya Tanga ilijengwa kwa ajili ya mzigo. Abiria aliruhusiwa tu kupanda. Mzigo ulipokauka, mwenye treni hakuona tena sababu ya kusimama stesheni.

Njia ya walowezi

Kabla ya reli, biashara ya bonde la mto Pangani ilipita kwa miguu. Misafara ilitoka mji wa Pangani, ikafuata mto kwenda juu, ikapita chini ya milima ya Usambara na Upare hadi Kilimanjaro. Pangani ulikuwa mji wa matajiri na wenye vyombo, na Tanga ilikuwa jirani yake mdogo.

Wajerumani waliigeuza hali hiyo. Mwaka 1891 iliundwa kampuni ya kujenga reli ya Usambara, na mwaka 1893 kazi ikaanza Tanga, penye ghuba yenye kina na utulivu wa kupokea meli kubwa. Lengo lilikuwa kuwafikia walowezi waliokuwa wameanza kulima kahawa Usambara. Hii ndiyo reli ya kwanza Tanzania Bara, na upana wake wa mita moja ndio uliofuatwa baadaye na reli ya kati.

Mwanzo wake ulikuwa wa kusuasua. Ilichukua karibu miaka mitatu kufika Muheza, umbali wa kilomita 40 hivi, na hapo kampuni ikaishiwa fedha. Mwaka 1899 serikali ya Ujerumani iliichukua reli hiyo mikononi mwake. Ilifika Korogwe mwaka 1902, ikasogea hadi Mombo miaka michache baadaye, na mwaka 1911 reli ikaingia Moshi, kilomita 352 kutoka Tanga. Kila kilomita ilijengwa kwa mikono ya Waafrika waliochimba udongo, kupasua mawe na kubeba vyuma juani, wengi wao bila hiari. Majina yao hayakuandikwa kwenye daraja lolote.

Kahawa ya Usambara iliwaangusha walowezi, kwa kuwa udongo wa kule haukuwa na rutuba waliyoitarajia. Kilichoiokoa reli ni mkonge. Mwaka 1893, mwaka uleule reli ilipoanza, mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Mingi ilikufa njiani, na iliyofika hai haikuzidi mia moja. Kutokana na miche hiyo michache yakaenea mashamba yaliyofunika tambarare za Tanga, Muheza na Korogwe. Mkonge ni zao zito lisilobebeka kwa kichwa hadi bandarini. Ulihitaji reli, na reli ilihitaji shehena. Vikashikana kwa zaidi ya nusu karne.

Miji ikafuata njia ya chuma. Korogwe, Mombo na Same zilikua penye stesheni, wakati Pangani, uliokosa reli, ulianza kupoteza wafanyabiashara wake kwa Tanga. Huo ulikuwa ushahidi wa mapema wa jambo litakalojirudia kaskazini: mahali treni inaposimama hukua, na mahali inapoacha kusimama hudhoofika.

Vita, mkonge na kahawa

Mnamo Novemba 1914, reli hiyo ilionyesha nguvu yake kwa namna ambayo hakuna mlowezi aliyeipanga. Jeshi la Waingereza, wengi wao askari kutoka India, lilitia nanga Tanga likiwa na askari wapatao 8,000. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliteremsha vikosi vyake vya askari kutoka Moshi kwa treni. Walikuwa wachache sana kuliko wavamizi, lakini walifika kwa wakati, na Waingereza wakarudi majini wakiwa wameshindwa.

Waingereza nao walijibu kwa reli. Kuanzia mwaka 1915 walijenga tawi kutoka Voi, kwenye reli ya Uganda, likapita Taveta hadi kuungana na reli ya Tanga katika eneo la Kahe mwaka 1916. Tawi hilo la kijeshi lilibaki baada ya vita, likabadili jiografia ya biashara. Kilimanjaro sasa ilikuwa na milango miwili ya bahari, Tanga na Mombasa. Lakini kwa treni, mtu wa Moshi aliweza kufika Nairobi na Mombasa ilhali hakuwa na njia ya kufika Dar es Salaam, mji mkuu wa nchi yake. Hali hiyo ilidumu karibu miaka hamsini.

Mwaka 1929 reli ilifika Arusha. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wakulima wa Kichaga walikuwa tayari wameanza kuuza kahawa yao kwa pamoja, na mwaka 1933 wakaunda chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichokuja kuwa miongoni mwa vyama vyenye nguvu zaidi barani Afrika. Magunia ya kahawa yalishuka kwa treni, na vifaa vya ujenzi, nguo na vitabu vya shule vikapanda kwa treni.

Watu nao walisafiri. Wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, manamba, waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Kuanzia miaka ya 1940, ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kwa jina la SILABU ndiyo iliyowaandikisha na kuwasafirisha. Walisafirishwa kama nguvu kazi, tena katika hali duni. Hata hivyo reli iliwapa wenyeji kitu ambacho wakoloni hawakukiweka kwenye hesabu. Mama wa Kipare aliteremka Same kutoka mlimani akapeleka maharage Korogwe. Kijana wa Lushoto alipanda treni Mombo akaenda kusoma Tanga. Wagonjwa, walimu, masheikh, mapadri na wachuuzi walikutana katika behewa moja, na Kiswahili cha treni kikawa cha wote.

Mwaka 1948 reli za Tanganyika ziliunganishwa na za Kenya na Uganda chini ya shirika moja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Makao makuu yalikuwa Nairobi, na karakana kuu zilikuwa hukohuko.

Kiungo cha Ruvu

Uhuru ulipopatikana, Tanganyika ilirithi reli mbili zisizojuana. Reli ya kati ilitoka Dar es Salaam kwenda Tabora, Kigoma na Mwanza. Reli ya Tanga ilitoka baharini kwenda Moshi na Arusha. Katikati yao palikuwa na mapori ya Bagamoyo na Handeni.

Mwaka 1963 pengo hilo lilizibwa. Kilijengwa kipande cha kilomita 188 kutoka Ruvu, kwenye reli ya kati, hadi Mnyusi karibu na Korogwe. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kupanda treni Dar es Salaam akashuka Moshi bila kukanyaga ardhi ya nchi nyingine. Katika habari zote za reli za nchi hii, naona tendo hilo halijapewa sifa linayostahili. Vipande vyote vilivyotangulia vilielekezwa baharini ili mali itoke. Kiungo cha Ruvu kiliwaunganisha wananchi wenyewe kwa wenyewe, na mji mkuu na kaskazini yake.

Miaka iliyofuata ndiyo wazee wa Moshi, Same na Korogwe wanayoikumbuka kwa shauku. Treni iliondoka Dar es Salaam alasiri, ikavuka Wami usiku, na alfajiri ikawakuta abiria chini ya milima ya Upare. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba vya kulala, la pili lilikuwa na nafuu yake, na la tatu ndilo lililobeba umma. Kila stesheni ilikuwa soko la dakika chache, na mapato ya akina mama wengi yalifuata ratiba ya treni.

Jinsi abiria alivyosahauliwa

Anguko halikuja kwa siku moja, wala halikuwa na mkosaji mmoja.

Kwanza, mkonge ulianguka. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikiongoza duniani. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa bila mtaji wa kuyaendesha. Kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi sehemu ndogo ya kiwango hicho. Reli ya Tanga ikapoteza mzigo wake mkuu.

Pili, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Shirika la pamoja likagawanyika, na Tanzania ikaunda Shirika la Reli Tanzania huku karakana kuu na sehemu kubwa ya utaalamu vikiwa vimebaki Nairobi. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Tawi la Voi na Taveta, lililokuwa likibeba bidhaa za Kilimanjaro, likafa ganzi.

Tatu, barabara iliimarika. Lami kutoka Chalinze hadi Segera, kisha Korogwe, Same na Moshi, ilipita sambamba na reli kwa sehemu kubwa ya njia. Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, mabasi binafsi yaliingia kwa wingi. Basi liliondoka asubuhi likafika Moshi jua likiwa bado juu. Treni, ikienda kwa mwendo mdogo juu ya reli nyepesi na mataruma yaliyochoka, haikuweza kushindana kwa kasi.

Shirika lilikuwa na vichwa vichache vya treni, na kila kichwa kililazimika kwenda palipo na fedha. Fedha zilikuwa kwenye shehena za reli ya kati: mizigo ya Burundi, Kongo na Uganda inayopita Kigoma na Mwanza. Ukikadiria kwa mzigo peke yake, uamuzi wa kusimamisha treni ya abiria ya kaskazini unaeleweka kabisa. Mwaka 1994 ikasimama. Abiria wa Moshi walihamia kwenye mabasi, na kwa kuwa walihamia bila ghasia, takwimu zilionyesha kwamba hakuna kilichopotea.

Waliopoteza ni wale ambao basi haliwatafuti. Basi la Arusha lilitaka abiria wa Arusha. Mama wa Hedaru mwenye magunia matatu ya vitunguu, mzee wa Buiko anayekwenda hospitali Korogwe, mwanafunzi wa Makanya mwenye godoro na sanduku la bati, wote walikuwa abiria wa treni kwa sababu treni ilisimama kwao na ilikuwa na nafasi ya mizigo yao. Tangu mwaka 1994 walisimama kando ya barabara kuu na kungoja kiti kilichobaki, kwa nauli iliyotajwa siku hiyo.

Zikafuata zama za ukodishaji. Serikali ilitenganisha miliki ya njia na uendeshaji wa treni: kampuni hodhi ya RAHCO ikashika miundombinu, na mwaka 2007 kampuni ya RITES kutoka India ikachukua asilimia 51 ya kampuni mpya ya uendeshaji, TRL, kwa mkataba wa miaka 25. Serikali ilibaki na asilimia 49. Mkataba haukumaliza hata miaka mitano. Migomo ya wafanyakazi juu ya mishahara, uhaba wa vichwa na mabehewa, na mvutano juu ya mtaji viliuvunja, na kufikia mwaka 2011 serikali ilikuwa imeirudisha kampuni mikononi mwake. Ni katika kipindi hicho ambapo hata treni za mizigo ziliacha kwenda Moshi.

Sasa njia ikalala kabisa. Nyasi zilifunika mataruma, mvua zikala matuta na kalavati, na vyuma vikawashawishi wauzaji wa chuma chakavu. Mijini, watu walijenga nyumba na vibanda ndani ya hifadhi ya reli, wengine wakiwa wazazi wa watoto ambao hawajawahi kusikia honi ya treni. Mtu akijenga karibu na reli isiyopitiwa na kitu kwa miaka mingi, si rahisi kumwambia kwamba amevamia.

Kazi ya kufufua

Dalili ya kwanza kwamba abiria anaweza kurudi kwenye hesabu ilionekana Dar es Salaam. Oktoba 2012, wakati wa Waziri wa Uchukuzi Harrison Mwakyembe, zilianzishwa treni za abiria ndani ya jiji kwa kutumia njia za zamani: moja kutoka Stesheni hadi Ubungo, nyingine kwenye njia ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Wananchi waliziita treni za Mwakyembe, wakazijaza tangu wiki ya kwanza. Mabehewa yalikuwa makuukuu na reli ni zilezile. Hata hivyo zilithibitisha kwamba njia iliyodharauliwa inaweza kuwafaa maelfu ya watu bila kungoja mradi wa matrilioni.

Mwaka 2017 sheria mpya ya reli iliunganisha tena RAHCO na TRL kuwa Shirika la Reli Tanzania, TRC. Miliki ya njia na uendeshaji wa treni vikarudi chini ya paa moja, chini ya Mkurugenzi Mkuu Masanja Kadogosa. Mwaka huohuo nchi ilianza kujenga reli ya kisasa ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Ingekuwa rahisi kwa wakubwa kuelekeza macho yote kwenye reli mpya na kuiacha ya kaskazini ioze. Haikuwa hivyo, na hilo ni jambo la kushukuru.

Mafundi wa shirika lenyewe waliingia porini. Kazi ya kufufua njia ya zamani haina fahari ya kupiga picha. Hufyekwa vichaka kwanza ili njia ionekane. Hukaguliwa taruma moja baada ya jingine, yaliyooza au kupinda yakaondolewa. Reli zilizoibwa hujazwa, misumari na vifungio hukazwa, kokoto humwagwa na kushindiliwa ili tuta libebe uzito. Madaraja hupimwa, kalavati huzibuliwa, matuta yaliyoliwa na mvua hujengwa upya. Kisha treni ya majaribio hupita polepole, na mafundi hurudi palipoonyesha udhaifu.

Julai 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua tena treni ya mizigo kutoka Tanga kwenda Kilimanjaro, baada ya kimya cha miaka 12. Kwa mara nyingine mzigo ulitangulia, na safari hii ulitangulia kwa faida ya abiria: Tanga ina viwanda vya saruji, kaskazini ina wajenzi, na treni ya mizigo ikipita mara kwa mara, gharama ya kuitunza njia haimwangukii msafiri peke yake.

Kisha, Desemba 2019, treni ya abiria ikaondoka Dar es Salaam kwenda Moshi. Wakati haungeweza kuwa mwafaka zaidi. Desemba ndio mwezi ambao Wachaga waishio mbali hupanda nyumbani kwa ajili ya Krismasi, kwenda kuhesabiwa kama wasemavyo watani wao. Kila mwaka mwezi huo mabasi hujaa, na tiketi hugeuka mnada. Treni ilikuja na nauli ya daraja la tatu isiyofika shilingi 20,000, safari mbili kwa wiki, na nafasi kwa familia nzima pamoja na mizigo yake. Ilisafiri usiku, wakati ambapo mabasi ya masafa marefu yalikuwa bado yamezuiwa kutembea usiku. Kwa mfanyakazi, usiku wa safari ulikuwa siku moja ya kazi iliyookolewa.

Agosti 2020 treni ya kwanza ya abiria baada ya takriban miaka 30 iliingia Arusha. Watu walijitokeza kuipokea kando ya njia, wazee wakiwaonyesha wajukuu.

Ufufuaji huo ulikuwa na gharama ambayo si haki kuipita kimya. Ili treni ipite salama, hifadhi ya reli ilibidi iwe wazi, na waliokuwa wamejenga ndani yake waliondolewa. Sheria ilikuwa upande wa shirika, na usalama vilevile. Lakini familia iliyovunjiwa kibanda ilikuwa inalipa deni la serikali iliyoitelekeza reli kwa miaka mingi. Kutelekeza njia kuna bei, na bei hiyo hulipwa na maskini mara mbili: treni inapoondoka, na inaporudi.

Majirani waliofuata, na njia zisizorudi

Kaskazini ya Tanzania haikuwa peke yake. Kenya na Uganda nazo zilizikodisha reli zao mwaka 2006 kwa kampuni ya Rift Valley Railways, na mwaka 2017 mikataba hiyo ikafikia mwisho wake. Treni ya abiria ya Kisumu ilikuwa imetoweka, na ya Nanyuki ilikuwa imesahaulika zamani zaidi. Shirika la Reli la Kenya likarudi kwenye njia zilezile za upana wa mita moja, likazikarabati kwa msaada wa vijana wa huduma ya taifa na jeshi. Desemba 2020 abiria walipanda tena kwenda Nanyuki, na Desemba 2021 wakapanda kwenda Kisumu, ule mji wa ziwani ambao reli ya Uganda iliufikia mwaka 1901. Huko nako Desemba ilichaguliwa, mwezi wa watu kwenda kwao. Serikali za Tanzania na Kenya zilifikia hitimisho moja: njia ya zamani ni mali, na kuifufua hugharimu sehemu ndogo ya kujenga mpya.

Lakini zipo njia ambazo hazitarudi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walianza kujenga reli kusini mwa Tanganyika kwa ajili ya mradi wao mkubwa wa karanga, kutoka pwani ya Lindi na Mtwara kuelekea Nachingwea. Mradi wa karanga ulishindwa vibaya. Reli ilibaki ikibeba korosho na abiria wachache, na mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi ikiwa imetoka kupata uhuru, ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Watu wa Mtwara, Lindi na Masasi waliishi miongo kadhaa wakitegemea barabara zilizokatika kila masika. Leo mtu akitaka kuwarudishia treni, hana taruma la kukarabati wala tuta la kufyeka. Ni lazima aanze sifuri, kwa mabilioni ya dola.

Linganisha kusini na kaskazini, utaona thamani ya kutong'oa. Reli ya Tanga ilitelekezwa, ikaibwa, ikafunikwa na nyasi, lakini miliki ya ardhi na sehemu kubwa ya chuma vilibaki. Ndiyo maana mafundi waliweza kuifufua kwa kazi ya muda mfupi. Anayefunga reli anapaswa kujua kwamba anawaamulia wajukuu. Kuisimamisha treni ni jambo linaloweza kubadilishwa. Kung'oa njia hakubadilishiki kirahisi.

Hesabu inayopaswa kubadilika

Tangu katikati ya mwaka 2024, treni za umeme zinakwenda Dodoma kwa saa chache, na taifa zima linajivunia. Fahari hiyo ni halali. Hofu yangu ni kwamba mwanga wa reli mpya unaweza kuifunika njia ya zamani, na kosa la mwaka 1994 likajirudia bila mtu kulitangaza. Treni ya abiria haifi kwa amri. Kwanza safari moja huahirishwa kwa sababu kichwa kimehitajika kwingine. Kisha mvua huharibu tuta na ukarabati hungoja bajeti ijayo. Kisha ratiba hukosa kuaminika, abiria hurudi kwenye mabasi, na siku moja ofisa huandika kwamba hakuna wateja.

Njia hii ina udhaifu wa kweli. Reli zake ni nyepesi, mwendo wake ni mdogo, na inapita mabonde ya Ruvu, Wami na Pangani, ambako masika hayana huruma. Treni hii haitashindana na basi kwa kasi, na haina haja ya kufanya hivyo. Nguvu yake ni bei, usalama, mizigo, na stesheni ndogo. Kwa hiyo ipimwe kwa vitu hivyo.

Nina mambo matatu ya kudai, nayo yote yametoka katika historia hii. La kwanza, hesabu za abiria wa njia ya kaskazini zitangazwe kila mwaka, stesheni kwa stesheni, ili Buiko na Hedaru zionekane kwenye karatasi zile zile zinazoonyesha Arusha na Dar es Salaam. Mwaka 1994 abiria hao walipotea kwa urahisi kwa sababu hawakuwa wameandikwa popote. La pili, bunge litenge fungu la kudumu la kutunza njia hii, lisilotegemea faida ya mwaka husika, kama linavyofanya kwa barabara. Hakuna anayeuliza kama barabara ya Segera imeleta faida mwaka huu. La tatu, vichwa na mabehewa ya abiria ya njia hii visihamishwe kwenda kubeba shehena kwingine bila uamuzi wa wazi na maelezo kwa wananchi wanaoathirika.

Wajerumani waliitaka reli hii kwa ajili ya kahawa na mkonge, Waingereza wakaitumia kwa vita na biashara, na taifa huru likaiunganisha na mji wake mkuu mwaka 1963 kwa sababu lilitambua kwamba raia wake wana haki ya kufikiana. Uamuzi wa mwaka 2019 ulikuwa kuirejea sababu hiyo ya 1963. Sasa iandikwe katika sheria na bajeti, ili kumsafirisha mtu wa Same, Mombo au Makanya liwe jukumu la reli hata katika mwaka ambao mzigo ni haba.